Fangasi ukeni: namna ya kuchagua dawa, kuitumia, na kujua lini uache kujitibu

Wanaokuja dirishani famasi kuulizia dawa ya fangasi huongea kwa sauti ya chini, na maswali yao karibu yote ni yale yale. Cha kumeza au cha kuweka? Mume naye atumie? Nina mimba, je? Mbona nimetumia na bado nawashwa? Nimeyaandika hapa kwa mpangilio ili uyasome ukiwa nyumbani, bila foleni nyuma yako.

Dawa zenyewe si ngumu kutumia. Kinachowaponza wengi ni kutibu fangasi wakati ugonjwa ni mwingine. Mwaka 2002 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliowapima wanawake 95 waliojinunulia wenyewe dawa ya fangasi: takribani theluthi moja tu ndio waliokutwa na fangasi peke yake. Wengine walikuwa na maambukizi ya bakteria, wengine mchanganyiko, na wengine hawakuwa na ugonjwa wowote. Kwa hiyo hatua ya kwanza usiiruke, hata kama muwasho unakukosesha raha.

NANI ASIANZIE FAMASI

Nenda zahanati au kituo cha afya kwanza ikiwa:

- hujawahi kupata dalili hizi maishani, hii ndiyo mara ya kwanza;
- una mimba, au hedhi imechelewa na hujapima;
- una maumivu chini ya kitovu, homa, au unatokwa damu isiyo ya hedhi;
- una vidonda au malengelenge sehemu za siri;
- ulitibiwa na dalili zimerudi ndani ya miezi miwili;
- una kisukari, unaishi na VVU, au unatumia dawa zinazoshusha kinga ya mwili;
- mgonjwa ni binti ambaye hajavunja ungo, au mama aliyekwisha kukoma hedhi. Fangasi hawa hupenda uke wenye homoni ya estrojeni, kwa hiyo kwa umri huo mara nyingi muwasho una chanzo kingine.

VYA KUANDAA

- Dawa, baada ya kusoma hatua ya 3.
- Kipimo cha mimba cha mkojo, kama kuna uwezekano wowote.
- Orodha ya dawa zote unazotumia sasa, au beba maboksi yake.
- Pedi nyembamba, maana dawa ya kuweka huyeyuka na kuvuja.
- Maji safi na sabuni ya kunawia mikono. Ya mikono tu.
- Tarehe ya hedhi yako inayofuata. Kama ni keshokutwa, itaamua ununue dawa gani.

HATUA KWA HATUA

1. Hakikisha ni fangasi.

Fangasi ya ukeni hutambulika kwanza kwa muwasho. Mashavu ya uke huwasha, huvimba, huwa mekundu, na wakati mwingine ngozi huchanika mipasuko midogo. Mkojo huchoma pale unapogusa ngozi hiyo. Tendo la ndoa huuma. Uchafu ukiwepo huwa mweupe, mzito, wa mabonge kama mtindi, na hauna harufu mbaya. Wako wanaowashwa sana bila kutoa uchafu wowote.

Sasa linganisha na hizi:

- Shombo ya samaki, hasa baada ya tendo, pamoja na ute mwepesi wa kijivu au mweupe na muwasho kidogo au hakuna kabisa: hayo mara nyingi ni mabadiliko ya bakteria wa ukeni. Dawa yake ni metronidazoli. Dawa ya fangasi haitafanya lolote.
- Uchafu wa njano au kijani, pengine wenye povu, harufu na muwasho: fikiria trikomona. Huo ni ugonjwa wa zinaa na mwenzi lazima atibiwe.
- Usaha, maumivu ya nyonga, damu baada ya tendo: kisonono au klamidia vinawezekana. Usinunue chochote, nenda kapimwe.
- Kukojoa mara kwa mara kidogo kidogo, kuchoma kwa ndani, bila muwasho wa nje: hiyo ndiyo UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo. Huku kwetu UTI imebebeshwa kila kitu kinachosumbua chini ya kitovu, na matokeo yake watu wanakunywa antibiotiki kwa ajili ya fangasi. Antibiotiki huua bakteria wazuri wanaolinda uke, na fangasi wanapata nafasi ya kujitanua.

Na usisahau kwamba uke wenye afya hutoa ute. Katikati ya mzunguko huwa mwingi na wa kuvutika, karibu na hedhi huwa mzito na mweupe zaidi. Kama hauwashi, haunuki na hauchomi, huo si ugonjwa, na usimruhusu mtu akuuzie dawa yake.

Ukiwa na shaka, omba kipimo cha ute wa ukeni. Mtaalamu wa maabara huutazama kwa hadubini, mara nyingi baada ya kuongeza tone la potasi haidroksaidi ili fangasi waonekane wazi. Jibu likisema fangasi wameonekana lakini huna dalili yoyote, hakuna cha kutibu: kati ya wanawake 100, 10 hadi 20 wanaishi nao bila kudhurika.

2. Pima mimba, kisha taja dawa nyingine unazotumia.

Kama una mimba, kidonge cha kumeza cha flukonazoli hakikuhusu. Mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari juu ya uwezekano wa mimba kuharibika kwa waliomeza, na miongozo ya tiba inaelekeza dawa za kuweka ukeni tu, kwa usiku 7. Usikubali mtu akikwambia "kimoja tu hakina neno".

Anayenyonyesha ana nafuu. Dawa za kuweka hazina tatizo, na dozi moja ya flukonazoli 150 mg huhesabiwa kuwa salama kwa mtoto anayenyonya.

Flukonazoli hugongana na dawa kadhaa: warfarini ya kuzuia damu kuganda, glibenklamidi ya kisukari, fenitoini ya kifafa, na baadhi ya dawa za moyo. Mikonazoli ya kuweka ukeni nayo hugongana na warfarini, jambo ambalo hata baadhi ya wauzaji hawalijui. Mwenye tatizo la ini naye amuone daktari kabla ya kumeza.

3. Chagua dawa.

Hapa ndipo watu wanapozunguka sana. Kwa fangasi ya kawaida, isiyo kali na isiyojirudia, dawa ya kumeza na ya kuweka zinaponya kwa kiwango kinachokaribiana. Hakuna iliyo "kali zaidi". Kinachotofautisha ni mazingira yako.

Klotrimazoli ya kuweka. Huja kama kidonge cha ukeni cha 500 mg, unachoweka usiku mmoja tu. Au 200 mg kwa usiku 3. Au 100 mg kwa usiku 6 au 7 kulingana na boksi. Ipo pia krimu ya ukeni yenye kifaa chake cha kuingizia. Mimi hii ndiyo ninayoipendekeza kwanza kwa wengi, maana hufanya kazi pale pale penye tatizo na haigongani na dawa nyingi. Mwenye mimba achague ile ya usiku 7.

Mikonazoli ya kuweka. Inafanana nayo kwa kazi. Kuna ya 200 mg kwa usiku 3, na ya 100 mg kwa usiku 7.

Nistatini ya kuweka. Dawa ya zamani, bado inafaa, ila huchukua usiku 7 hadi 14 kulingana na nguvu yake. Wengi huishia njiani, kwa hiyo ichague kama una subira au kama nyingine hazipatikani.

Flukonazoli ya kumeza, 150 mg, kidonge kimoja mara moja. Hubaki ikifanya kazi mwilini kwa siku kadhaa, kwa hiyo usiongeze cha pili kesho yake eti kwa sababu bado unawashwa. Inafaa kama hedhi iko karibu au imeshaanza, kama hupendi kuweka kitu ukeni, au kama huna faragha ya kulala na dawa. Unaweza kuimeza kabla au baada ya chakula.

Katika mwezi wa Ramadhani swali la kufunga huibuka kila mwaka. Kidonge cha kumeza kinywe baada ya kufuturu. Cha kuweka kiweke usiku, kama inavyotakiwa hata miezi mingine, na hapo hutahitaji kuingia kwenye mjadala wa kama kinafunguza au la.

Kama hali ni kali, yaani uvimbe mkubwa na ngozi imechanika, dozi fupi haitoshi. Hapo hutumika dawa ya kuweka kwa siku 7 hadi 14, au flukonazoli 150 mg mara mbili, ya pili baada ya saa 72 kutoka ya kwanza. Hilo liamuliwe na mtabibu aliyekuangalia.

4. Soma boksi kabla ya kulipa.

Majina utayakuta yameandikwa Clotrimazole, Miconazole, Nystatin na Fluconazole. Mambo manne ya kukagua:

- Kidonge cha ukeni au cha kumeza? Vidonge vya klotrimazoli vya ukeni vinaweza kufanana na vidonge vya kawaida vya kumeza, na wapo waliovimeza.
- Krimu ya ukeni au ya ngozi? Ya ngozi ni ya kupaka nje tu.
- Ina nini kingine ndani? Madukani zimejaa krimu za mchanganyiko wa klotrimazoli, betamethasoni na jentamisini. Betamethasoni ni steroidi: huzima muwasho haraka, ndiyo maana zinapendwa, lakini ukizipaka muda mrefu hufanya ngozi laini ya huko kuwa nyembamba, na fangasi huenda wakarudi kwa nguvu. Usizitumie kwa kubahatisha, wala usiziingize ukeni.
- Umepewa boksi la vidonge vinne vya rangi tofauti? Hilo ni la flukonazoli pamoja na azithromaisini na seknidazoli, la kutibu magonjwa kadhaa kwa mpigo. Kwa fangasi peke yake ni kumeza antibiotiki bila sababu.

Griseofulvini, inayotumika kwa mapunye ya kichwani, haiui fangasi hawa wa ukeni. Ketokonazoli ya kumeza nayo iache. Tangu 2013 mamlaka za dawa za Ulaya na Marekani zimeibana kwa sababu ya madhara kwenye ini.

5. Weka dawa, usiku, kabla tu ya kulala.

Kama unatumia kidonge cha kumeza, nenda hatua ya 6.

a) Kojoa kwanza. Osha sehemu za nje kwa maji matupu, jifute taratibu. Ndani usiguse.
b) Nawa mikono kwa sabuni, isuuze vizuri. Kucha ndefu zitakukwaruza, kwa hiyo tumia kifaa cha kuingizia au zikate.
c) Toa kidonge kwenye ganda. Kama uke ni mkavu, kilowanishe ncha kwa tone la maji safi.
d) Lala chali, kunja magoti, tenganisha miguu. Wengine huona rahisi kuchuchumaa au kuweka mguu mmoja juu ya kiti.
e) Ingiza kidonge taratibu kuelekea nyuma, upande wa mgongo, mpaka kifike ndani bila kuumia. Kikiwa mlangoni tu kitadondoka. Kwa kifaa, kiingize mpaka pale unapojisikia huru, sukuma kitufe, kisha kitoe. Mwenye mimba atumie kidole, asitumie kifaa.
f) Vaa pedi nyembamba, lala. Usiamke kwenda kupika au kufua, dawa itateremka.
g) Kifaa kama ni cha kutumika tena, kioshe kwa sabuni na maji, kikauke. Usimwazime mtu.

Muwasho wa nje unaweza kuupunguza kwa kupaka krimu ya klotrimazoli 1% kwenye mashavu ya uke mara mbili au tatu kwa siku.

6. Maliza dozi, na vumilia siku chache.

Muwasho huanza kutulia ndani ya siku moja hadi tatu, na nafuu kamili huja ndani ya wiki. Kama dozi yako ni ya usiku 7, tumia zote 7 hata kama usiku wa tatu umejisikia mzima. Mabaki meupe kwenye pedi asubuhi ni dawa iliyoyeyuka, usiogope.

Tendo la ndoa liahirishe mpaka dozi iishe na maumivu yaishe. Dawa nyingi za kuweka zina mafuta yanayodhoofisha kondomu, kwa hiyo anayetegemea kondomu asiiamini katika siku hizo na chache zinazofuata.

7. Zungumza na mwenzi wako, lakini usimtibu bila sababu.

Hili huleta ugomvi usio na lazima. Fangasi wa ukeni hawahesabiwi kuwa ugonjwa wa zinaa. Wanaweza kumpata hata ambaye hajawahi kukutana na mwanamume, na kuwapata si ushahidi kwamba mmoja wenu ametoka nje. Mume asiye na dalili hahitaji dawa. Akiwa na wekundu, muwasho au utando mweupe kwenye kichwa cha uume, hapo apake krimu ya klotrimazoli mara mbili kwa siku kwa wiki moja. Asipopona, apimwe, na sukari yake ipimwe pia.

MAKOSA NINAYOYASIKIA KILA MARA

Kitunguu saumu ukeni. Huunguza. Wapo wanaofika na uvimbe mbaya kuliko ule wa fangasi.

Ndimu, siki, chumvi, shabu, magadi, ugoro, maji yenye dawa ya kuulia vijidudu: vyote hivi vinakwaruza na kukausha ngozi ya uke, vinafukuza bakteria wazuri, na vinafungua njia kwa maambukizi mengine, VVU vikiwemo. Mtindi uliotiwa sukari unaouzwa dukani ule mezani. Haujathibitishwa kuwa dawa ya kuweka.

Kunawa ndani kwa kidole na sabuni. Najua wengi tumefundishwa hivyo na shangazi na makungwi wetu tangu tulipovunja ungo, na kumwambia mtu aache ni kama kumwambia asiwe msafi. Lakini uke hujisafisha wenyewe. Maji matupu kwa nje yanatosha. Wanaojifukiza udi, fukizeni nguo na nywele. Moshi na joto sehemu hiyo iliyokwisha kuvimba huongeza tu muwasho.

Kuacha sukari kabisa kwenye chai kwa kudhani ndiyo tiba. Kwa asiye na kisukari, sijaona anayepona kwa chai kavu peke yake.

KAMA MAMBO HAYAENDI SAWA

Nilipoweka tu, pakaanza kuchoma. Mchomo kidogo usiku wa kwanza ni kawaida kwa ngozi iliyochubuka. Ukizidi, au ukivimba na kutoka vipele, acha dawa, osha nje kwa maji, nenda kituoni. Huenda ni mzio. Uso ukivimba au ukipumua kwa shida, hiyo ni dharura, nenda hospitali papo hapo.

Kidonge kimedondoka. Kama kimetoka kizima muda mfupi baada ya kukiweka, weka kingine safi. Kama ni vipande vipande asubuhi, dawa imekwisha kufanya kazi yake.

Nimesahau usiku mmoja. Endelea usiku unaofuata mpaka vidonge viishe. Usiweke viwili kwa pamoja.

Hedhi imeanza katikati. Damu huisukuma dawa nje. Muulize mfamasia kama uhamie kidonge cha kumeza. Ukiendelea na ya kuweka, tumia pedi, usitumie tamponi, kwa kuwa hunyonya dawa.

Nimemeza kidonge cha ukeni. Mara nyingi huishia kichefuchefu na tumbo kuvuruga. Usimeze kingine, na piga simu au rudi pale uliponunua uelekezwe. Kama una mimba, nenda kituoni siku hiyo hiyo.

Wiki imepita, bado nawashwa. Usinunue boksi la pili. Huenda si fangasi: inaweza kuwa mzio wa sabuni, pedi yenye manukato au poda, inaweza kuwa ugonjwa wa ngozi. Au ni fangasi wa jamii nyingine. Wengi ni Candida albicans, ambaye dawa hizi humuweza, lakini wapo kina Candida glabrata wasioitikia vizuri flukonazoli. Hapo inabidi ute uoteshwe maabara. Tiba mojawapo ni asidi ya boriki, kapsuli ya 600 mg ukeni kila usiku kwa wiki 3, kwa maelekezo ya daktari tu: ikimezwa ni sumu inayoweza kuua, iwe mbali na watoto, na mwenye mimba haruhusiwi kuitumia.

Inapona, inarudi. Ikifika mara tatu au zaidi ndani ya mwaka, huitwa fangasi inayojirudia, na ina tiba yake. Kwanza pimwa sukari na VVU. Kama tayari una kisukari na umeanzishiwa dapaglifrozini au empaglifrozini, mwambie daktari, kwa sababu dawa hizo hutoa sukari kupitia mkojo na fangasi huongezeka. Usiziache mwenyewe. Baada ya kuthibitishwa, tiba ya kawaida ni flukonazoli 150 mg siku ya 1, ya 4 na ya 7, kisha kidonge kimoja kila wiki kwa miezi 6. Ni safari ndefu, na baadhi hurudiwa baada ya kuacha, lakini ni bora kuliko kununua dozi moja moja kila baada ya wiki kadhaa.

Ukiamua kwenda kupimwa, usiweke dawa yoyote ukeni wala kushiriki tendo siku mbili tatu kabla, la sivyo ute hautasoma vizuri. Beba maboksi ya dawa zote ulizokwisha kutumia, hata matupu. Na ukifika, usiseme "nina UTI sugu". Sema unachohisi: nawashwa, nje au ndani, tangu lini, uchafu una rangi gani, una harufu au hauna.